Kabwa, Jina Ulilookotwa Nalo

Mdogo wangu mpendwa Kabwa,

Najua ukiona nimeanza na jina hilo utakunja uso, halafu utacheka. Siku ya mwisho tuliyokaa pamoja ulitangaza mbele za watu kwamba Kabwa amekwisha, kuanzia leo ni Evarist tu, na atakayekosea atanunua soda. Basi nidai soda. Msalabani nimekuandika Evarist kama ulivyotaka, kwa brashi yako mwenyewe na rangi nyeusi iliyobaki kwenye kopo lako. Lakini barua hii ni yangu, na humu ndani nitakuita jina nililokuita tangu kichwa chako kikiwa bado laini.

Nakuandikia kwa sababu nimejifungua. Mtoto ni wa kiume, na amepata jina, na nisingependa habari hiyo uipate kwa mtu mwingine. Ila siwezi kueleza la kwake bila kuanza na la kwako.

Wewe hukumbuki siku uliyotupwa. Mimi naikumbuka. Kabla yako Mama alikuwa amezika watoto wawili wa kiume. Wa kwanza aliitwa Bigirimana, yaani kila kitu hufanywa na Mungu, na wa pili Nzeyimana, yaani namtumaini Mungu. Wote hawakufika hata kutambaa. Ulipozaliwa wewe, marehemu Baba akaanza kutafuta jina jingine la namna hiyo. Mama akamwambia aache, kwamba majina mazuri ndiyo yanayosikika mbali. Basi ukakaa bila jina mpaka kitovu chako kilipokauka na kudondoka. Asubuhi hiyo akakuviringisha kwenye kanga kuukuu, akatoka nawe kwa mlango wa nyuma hadi jalalani, pale tulipokuwa tunamwaga majivu na maganda ya ndizi. Akakulaza juu ya maganda. Akarudi ndani bila kugeuka, akafunga mlango, akakaa chini ameziba masikio.

Mimi nilikuwa na umri wa kuanza shule, na hakuna aliyekuwa ameniambia kitu. Nilidhani Mama ameshikwa na wazimu. Nikaanza kulia, naye akanivuta akanibana kifuani mpaka nikaumia. Nje nikamsikia Paskazia, jirani yetu wa upande wa chini, yule mwenye sauti inayofika kigangoni bila kipaza sauti. Alikuwa anajifanya anapita na jembe lake begani, kumbe walishapanga. Akapaza sauti makusudi ili kila mwenye masikio asikie, na kile walichokuwa wanakiogopa nacho kisikie: "Jamani, njoeni muone, nimeokota kijibwa jalalani!"

Akakubeba mpaka kwake. Baadaye akaja kubisha hodi kwetu kama mgeni, ameshika mtoto anayelia, akamuuliza Mama kama ana maziwa ya kumsaidia, maana ameokota mtoto na yeye hana. Mama akakupokea, akakunyonyesha, akasema, "Mtoto wako ana njaa, jirani." Nikawaona wote wawili wanatazama pembeni.

Ndivyo ulivyopata jina. Kabwa, kijibwa, kitu ambacho mtu hakihesabu akihesabu watu wa nyumba. Kifo kikija kuuliza mtoto wa kiume wa mji huu, kinajibiwa hapa hakuna, labda kile kijibwa cha Paskazia. Na sharti lilikuwa moja, gumu kuliko jalala lenyewe. Mama asikuite mwanangu, na wewe usimwite mama, mpaka utakapokuwa mtu mzima na yeye aje kukuchukua rasmi.

Watu wanaosikia habari hii huku Biharamulo hudhani ulilelewa bila upendo. Nawaonea huruma kwa kuwa hawakukuona unavyokula. Kiazi kikubwa kuliko vyote kikitoka jikoni, Mama alikuwa ananiambia, "Mpelekee mtoto wa Paskazia," na mtoto wa Paskazia amekaa pale pale miguuni pake. Ukiugua alikaa nawe siku nzima ukingoni mwa kitanda akilalamika kwamba jirani yake amemwachia mzigo. Na wewe ulipopata akili ukaanza kumwita Jirani. "Jirani, chakula kimeiva?" "Jirani, nimefaulu." Wageni walicheka, Mama naye alicheka, na mara nyingi baada ya kucheka alikwenda nyuma ya nyumba akakaa huko kidogo. Mimi nilimwona. Sijui kama na wewe ulimwona.

Mimi alikuwa ananiita mwanangu kutwa mara ngapi sijui, hata akinigombeza. Nilikuwa naliona neno la kawaida tu, kama chumvi. Siku moja, ukiwa darasa la nne au la tano, uliniuliza tukiwa shambani likoje. Nikakuuliza nini. Ukasema, "Kuitwa vile." Nikakutupia ganda la maharage nikakuambia acha upuuzi, palilia.

Halafu ukawa fundi wa maandishi, wewe uliyetukanwa kwa jina lako shule nzima. Ukapanga chumba Biharamulo mjini, ukawa unaandika majina ya watu kwenye madigadi za pikipiki, milango ya maduka, na misalaba. Hukuanza kuchora mpaka mtu amekueleza jina lake lina maana gani. Kina bodaboda walikuwa wananiambia ndugu yako anachelewesha kazi, anahoji kama padri. Jumapili ukija kwangu Kaniha ulikuwa na mapya. Umempata Maduhu, Msukuma wa watu, jina lake maana yake hakuna kitu. Ukasema huyu wamemwita Hakuna na amekaa mbele yangu anakunywa chai. Umempata Mayala, aliyezaliwa mwaka wa njaa, na sasa tumbo lake haliingii nyuma ya usukani. Umempata Minani, mtoto wa nane, asiyejua kuhesabu mpaka nane. Umewapata wale pacha wa kwetu, Bukuru na Butoyi, yaani wa kwanza kuzaliwa na wa pili, waliokuja wote kuandikisha pikipiki moja wakagombana la nani liwe juu.

Uliyempenda zaidi ni yule mzee wa Ngara aitwaye Ntibashima, yaani hawashukuru. Alikueleza kwamba baba yake alikuwa na ugomvi na majirani, na kwa kuwa hakutaka kusemezana nao, akamzaa mtoto akampa jina hilo. Kila mtoto alipoitwa kula, majirani walipata ujumbe wao. Ulicheka mpaka machozi. Kisha ukasema watu wa kwetu wanaandikiana barua juu ya vichwa vya watoto. Wao wanakufa na ugomvi wao, mtoto anabaki anatembea na bahasha.

Na mume wangu hukumwacha salama. Makoye, yaani shida. "Dada," ulisema siku ya harusi yangu, "wenzako wanakimbia shida, wewe umepanda basi kuifuata Kaniha." Makoye mwenyewe alikuwa wa kwanza kucheka, na mpaka leo anawahadithia watu.

Kisha ukampata mchumba wako wa Nyamiaga. Sitaeleza uzuri wake, anajua mwenyewe. Mjomba wake ndiye aliyeuliza swali: binti yao atapokelewa na mama mkwe yupi, kama mama wa bwana harusi anasema bwana harusi ni mtoto wa jirani? Lilikuwa swali la haki. Paskazia alikuwa tayari kusimama kanisani kama mama yako. Lakini ulikuja kwangu jioni moja, ukakaa bila kusema mzaha wowote, ukasema, "Dada, naomba uongee na Jirani. Nataka kuoa nikiwa na mama."

Niliongea naye. Baada ya wiki nzima akasema sawa.

Ile siku ya kurudishwa ndiyo ninayoikumbuka nikitaka kujifariji, na ndiyo inayonimaliza. Mama alivaa vitenge alivyovaa siku ya harusi yangu, akabeba mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na jembe jipya, akashuka hadi kwa Paskazia kwenda kushukuru. Nusu ya kijiji chetu cha Murukulazo ilikuwa nyuma yake. Paskazia akajitia kukataa. Akasema amekizoea kijibwa chake, sasa nani atawabwekea wezi? Watu wakavunjika mbavu. Mwishowe akapokea jembe, akaushika mkono wako akauweka ndani ya mkono wa Mama, na nikaona uso wake Paskazia umebadilika, kwa sababu naye alikuwa anakutoa kweli. Mkapanda pamoja kupita migombani, wewe na suti yako, yeye na miguu yake mitupu. Mlangoni Mama akageuka, akakutazama, akasema kwa sauti iliyosikika hadi nyuma kabisa, "Karibu nyumbani, mwanangu."

Ukasema, "Asante, Mama." Halafu ukashindwa kuingia. Ulisimama pale mlangoni, mwanamume mzima mwenye ndevu, machozi yanadondokea viatu vipya, na Mama anakufuta kwa ncha ya kitenge kama vile una miaka mitatu.

Baada ya chakula ndipo ulipotangaza habari za soda. Nami nikakuvuta pembeni nikakunong'oneza kwamba nina mimba. Ulinikumbatia ukanichafua kitambaa kwa mafuta ya nyama. Ukasema, "Akiwa wa kiume, mpe jina lisilo na habari ya mtu. Lisiwe njaa wala ugomvi wala msiba. Liwe lake tu." Nikakuahidi. Ukasema utamchorea kwenye ubao, utautundika juu ya kitanda chake.

Matangazo ya ndoa yalikuwa yamekwisha kusomwa kanisani. Ulipanda pikipiki kwenda Ngara mjini kuandika duka la mtu, umefunga makopo yako nyuma. Kule kwenye mteremko lori likakosa breki. Makoye ndiye aliyefika pale kabla ya ndugu wengine wote. Alipoulizwa ameona nini, alisema ameona rangi, nyeupe na buluu, imeteremka na barabara hadi mtaroni. Hakusema kingine na sikumuuliza.

Kabwa, sijui kuandika juu ya msiba wako. Kila nikijaribu naanza kufuta. Nakumbuka mchumba wako amekaa kwenye mkeka na wanawake wa Nyamiaga, hana cheo cha mjane wala cha mgeni, na watu hawajui wampe pole ya namna gani. Nakumbuka Paskazia anagaagaa chini analia "mwanangu, mwanangu" kwa ile sauti yake, na hakuna aliyemzuia, maana alikuwa na haki. Na namkumbuka Mama. Alisimama kando ya kaburi, midomo ameibana, hakutoa sauti yoyote. Wanawake walimshika wakamwambia alie, amwite mtoto wake, aagane naye. Akasema neno moja tu.

"Nilimwita kwa sauti, kikasikia."

Wote waliokuwa karibu walielewa. Nami nilielewa, na nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika. Mimi ni mwalimu, mdogo wangu. Kutwa nafundisha watoto kwamba kitu huletwa na kitu. Jioni ile ile, watu walipopungua, nikamwambia, "Mama, lori halijui majina ya watu." Akanijibu kwa upole kabisa, "Mimi sijasema lori."

Nilipokuwa naandaa msalaba nikamuuliza niandike vipi. Akasema andika lile la kanisani tu. Nikasema watu wengi wanamjua kwa Kabwa. Akaja akasimama juu yangu, akaushika mkono wangu wenye brashi. "Hilo usilifukie," akasema. "Hilo halikukosa kitu." Basi nikaandika Evarist peke yake, herufi zikapanda mlima kuelekea kulia, na herufi ya mwisho imechuruzika. Najua ungenicheka. Mwalimu mzima hawezi kuandika mstari ulionyooka pasipo ubao. Nilikuwa sioni vizuri.

Tangu siku hiyo Mama aliacha kuita. Sizungumzii wewe tu. Nikimpigia simu, "Shikamoo Mama," anajibu "Marahaba," na kinachofuata hakifuati. Zamani ilikuwa "Marahaba mwanangu." Sasa ni marahaba halafu kimya, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Nikamwambia tumbo limekua, akasema vizuri. Nikamwambia naogopa kujifungua, akasema usiogope. Nilimngoja aje Kaniha, kwa sababu kwetu mama huja. Hakuja. Alituma ndizi, na maharage yaliyochambuliwa vizuri, na kitenge cha kumbebea mtoto. Nilikifungua nikakiweka usoni nikalia kama mjinga, kwa sababu kilikuwa kinanuka nyumba yetu.

Mtoto alizaliwa mchana, mvua inapiga bati mpaka mkunga anapaza sauti. Baba mkwe wangu hakuhitaji kufikiri. Akasema huyu ni Mabula, kwa kuwa amekuja na mvua, na kwa Wasukuma hilo ni jina zuri na halina neno. Nililipenda. Nikawaza, hili Kabwa angelikubali. Mvua si ugomvi wa mtu. Lakini kila nikimtazama mtoto nilikuwa namwona mama yangu amekaa peke yake Murukulazo amebana midomo, na nikajua kwamba nikimwacha hivyo nitazika mtu wa pili.

Mtoto alipopata nguvu kidogo tukamfunga kwa kile kitenge, mimi na Makoye, tukaenda.

Mama alikuwa uani anachambua maharage. Nikamsalimu, akaitikia. Nikamsogezea mtoto. Hakumpokea. Akasema mikono yake ina udongo. Mikono yake ilikuwa safi, Kabwa, maharage yalikuwa makavu. Akamtazama mtoto kwa jicho la pembeni, haraka, kama mtu anayetazama jua, kisha akarudi kwenye ungo wake. Siku nzima alipika, akanichemshia uji, akanikanda mgongo, akafua nguo za mtoto. Alifanya kila kitu isipokuwa kumgusa.

Kesho yake Paskazia akapanda kuja kutuona. Amezeeka ghafla. Anatembea na fimbo, na sauti ile imebaki nusu. Wakakaa wote wawili mkekani, mtoto amelala katikati yao, hakuna anayemshika. Ndipo Mama akasema alichokuwa anangoja kukisema. Akamwomba Paskazia amwokote huyu pia.

Paskazia akatikisa kichwa. "Niliyemwokota nimemzika," akasema. "Mkono wangu huu hauna tena baraka, dada. Usiuombe."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nilikuwa na maneno yangu yote ya mwalimu tayari. Lakini nilipowaona pale, mama zako wawili, kila mmoja anaogopa mkono wake mwenyewe, yale maneno yakaniishia. Nikajisikia nikisema, "Basi amwokote Mama."

Paskazia akashtuka. Akasema haiwezekani, anayeokota lazima awe mtu wa nyumba nyingine, ndiyo maana ya kuokota. Nikamwambia mimi nimeolewa. Huyu ni mtoto wa Kaniha, ni wa mji wa Makoye. Hapa Murukulazo si kwao. Mama ni mtu wa nyumba nyingine kabisa.

Paskazia akafikiri, akahesabu kwenye vidole mambo anayoyajua yeye, kisha akamgeukia Makoye aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akijifanya hasikii. Akamuuliza kama anakubali mtoto wake atupwe. Makoye akakohoa. Akasema kwao ataitwa Mabula, huku wamwite wanavyopenda. Yeye mwenyewe ameitwa Shida tangu azaliwe na bado amepata mke mwalimu. Paskazia akacheka, cheko lake la zamani. Mama hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, na nilijua anachoniuliza. Anayetupa ndiye anayepoteza lile neno la mwanangu. Yeye alilipoteza kwa miaka yako yote.

Nikasema, "Najua, Mama."

Nilimbeba asubuhi nikatoka kwa mlango ule ule wa nyuma. Jalala liko pale pale, limekuwa pana, na mgomba mmoja umejiotea ubavuni. Nilitandika jani la mgomba juu ya maganda nikamlaza. Alikuwa macho. Nilitaka kumwambia neno, nikalimeza. Nikarudi bila kugeuka, nikafunga mlango, nikakaa chini pale Mama alipokaa siku yako. Nilikuwa nimejiambia kwamba hii ni michezo ya wazee na naifanya kwa ajili yake. Basi naomba unieleze kwa nini niling'ang'ania ule mlango vile. Mtoto akaanza kulia. Akalia, akalia, na hakuna mtu anayepita. Maziwa yakaanza kunitoka yenyewe yakalowesha blauzi. Nikafikiri Mama ameshindwa, amekaa mahali migombani na midomo yake imefungwa, nami sina ruhusa ya kutoka.

Kisha kilio kikakatika, na nikamsikia.

Alianza kwa sauti ndogo, ikakwama. Akaanza tena. "Jamani, nimeokota..." Ikakwama. Kwa mbali Paskazia akamwambia, sema. Na ndipo Mama akalitoa, kwa Kihangaza, kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo, sauti iliyokuwa imezuiwa tangu siku uliyozaliwa, ikapita juu ya migomba ikaenda hadi barabarani: "Mwana wanje! Nimeokota mwana wanje!"

Mwanangu. Alilisema tena na tena, hakuacha, anatembea huku analisema, analia huku analisema. Alilia kilio chako chote pale, Kabwa, kile alichokataa kukilia kaburini, na alikilia akiwa na haki ya kukilia. Hakuna cha kumsikia kikamdhuru mtoto. Alikuwa mwanamke aliyeokota mtoto wa watu.

Akabisha hodi. Nikafungua. Alikuwa amemkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili, majivu kwenye kitenge, uso umelowa. Nikamwambia karibu jirani. Akasema, "Jirani, una maziwa? Nimeokota mwanangu, ana njaa."

"Anaitwa nani?" nikamuuliza.

Alimpangusa jivu shavuni. "Kabwa," akasema. "Jina lake lilikuwepo. Halikuzikwa."

Nikampokea nikamnyonyesha. Nilijua kinachofuata kusemwa, na nilikisema, na kiliniuma kama ambavyo lazima kilimuuma yeye. "Mtoto wako ni mzuri, jirani."

Najua nilikuahidi jina lisilo na habari ya mtu, na nimempa lenye habari yako yote. Usinikasirikie. Nimelijaribu mdomoni siku hizi zote na nimegundua kwamba mimi nikilitamka sisikii mbwa. Nasikia mtu anayeuliza kama chakula kimeiva. Kama ni bahasha, basi humo ndani umo wewe, na nadhani mtoto anaweza kukubeba. Mabula ataandikwa shuleni. Ubao ulioahidi kumchorea nimeutundika hivyo hivyo, mtupu.

Mama sasa yuko Kaniha nasi. Anambeba kutwa, anamwita mwanangu mpaka majirani wamechoka. Juzi nilimsalimu asubuhi, akajibu "Marahaba mwanangu," kisha akashtuka akaniangalia, na mimi nikajifanya natafuta sufuria ili asiogope.

Mimi simwiti hivyo. Nikimwogesha namwambia, wewe wa Bibi, inua mkono. Nikimnyonyesha nakaa naye kimya nikimtazama masikio, yametoka kama yako. Lile neno linanijia mpaka kwenye meno, nalirudisha. Siku ile shambani uliniuliza likoje, nami nikakutupia ganda la maharage. Sasa najua likoje, mdogo wangu, kwa kuwa sina ruhusa nalo. Ni tamu sana. Ulistahili kuitwa hivyo kila siku, na uliitwa mara moja.

Lala salama. Tukifika Murukulazo tutakuja kupalilia, nami nitajaribu kuunyoosha ule mstari msalabani.

Ni mimi dada yako, jirani wa Kabwa.